Yai la Ng'ombe Haligandi Kama Mbegu ya Dume

Januari 2024 ilitangazwa kwamba kwa mara ya kwanza duniani kifaru ameshika mimba ya kiinitete kilichotengenezwa maabara, pale Ol Pejeta, Laikipia. Tangu hapo maneno "mayai yaliyogandishwa" yamezagaa kana kwamba jambo lenyewe limekwisha kumalizwa. Mjadala nao umehama upesi kutoka kwa kifaru hadi zizini: kama mayai ya kifaru jike Fatu yanakaa kwenye naitrojeni, gesi iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, basi na sisi tugandishe ya ng'ombe wa Boran na wa Ankole, ya kondoo mwekundu wa Kimaasai, tuyafungie mtungini tulale usingizi. Tatizo ni kwamba mayai ya Fatu hayakugandishwa. Kilichogandishwa ni viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa na kukuzwa kwa siku kadhaa. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua benki ya vinasaba vya mifugo ianze na nini. Kwa maoni yangu, ikianza na mayai itakuwa imeanzia mwisho. Yai lina nafasi yake, lakini ni nyembamba, na ina masharti ambayo maabara nyingi za kanda yetu bado hazijayatimiza.

Turudi kwenye kilichotokea. Tarehe 22 Agosti 2019 Najin na Fatu, majike wawili pekee waliobaki wa kifaru mweupe wa kaskazini, walilazwa kwa dawa ya usingizi na sindano ndefu inayoongozwa na altrasaundi ikapitishwa kwenye njia ya haja kubwa hadi kwenye ovari. Yakapatikana mayai 10, matano kwa kila mmoja. Yaliwekwa kwenye kisanduku maalumu na kupandishwa ndege hadi maabara ya Avantea, Cremona, Italia. Saba yakakomaa, kila moja likadungwa mbegu kwa sindano, na viinitete viwili tu, vyote vya Fatu, vikafikia hatua ya kugandishwa. Mbegu zilizotumika zilikuwa za Suni na Saut, madume waliokwisha kufa. Suni alifia hapo hapo Ol Pejeta mwaka 2014. Utaona kwamba mbegu ya marehemu ilisubiri miaka mtungini bila haraka, ilhali yai la mnyama aliye hai lilikimbizwa uwanja wa ndege likiwa halijagandishwa. Watu waliolikimbiza si wageni wa naitrojeni. Maabara ile ilijijenga kwa ng'ombe na farasi kabla ya kuguswa na suala la kifaru. Farasi wa kwanza duniani kuzalishwa kwa kunakiliwa, Prometea, alizaliwa mikononi mwa timu hiyo mwaka 2003. Nao hawakuligandisha yai. (Na mimba iliyotangazwa 2024 haikuwa ya Fatu. Kiinitete kilikuwa cha kifaru mweupe wa kusini, kilipandikizwa Septemba 2023, jike aliyekibeba akafa kwa maambukizi ya bakteria, na kijusi cha siku 70, chenye urefu wa sentimita 6.4, ndicho kilichothibitisha kwamba mimba ilishika.)

Historia ya fani yenyewe inaonyesha ugumu uko wapi. Mwaka 1949 watafiti wa Uingereza waligundua kwamba gliserini inazilinda mbegu za kiume dhidi ya baridi, na kufikia 1951 ndama wa mbegu zilizogandishwa alikuwa amezaliwa. Ndama wa kwanza wa kiinitete kilichogandishwa alizaliwa Cambridge mwaka 1973. Ndama wa yai lililogandishwa kabla ya kurutubishwa alisubiriwa hadi 1992, huko Japani. Ni miaka arobaini nyuma ya mbegu, na hiyo si kwa sababu watu hawakujaribu.

Sababu ya kwanza ni ukubwa. Yai la ng'ombe lina kipenyo cha takriban mikromita 120, na ndani yake zingeenea mbegu makumi ya maelfu. Seli kubwa ya mviringo ina maji mengi na ngozi ndogo ya kuyatolea, kwa hiyo inapopozwa maji hayatoki kwa wakati. Yanageuka fuwele za barafu ndani kwa ndani, na fuwele hukata. Sababu ya pili ni hesabu. Mrija wa robo mililita unaotumiwa na mhimilishaji, fundi anayepandisha ng'ombe kwa mbegu zilizogandishwa, una mbegu kiasi cha milioni 15 hadi 20. Nusu ikifa wakati wa kuyeyushwa, mtamba bado anashika mimba na hakuna anayejua kulikuwa na msiba. Yai liko peke yake, halina wenzake wa kulifidia.

Ya tatu ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu haihusiani na barafu kabisa. Yai huumia kwa ubaridi tu, kabla hata ya kufika sifuri. Utando wa yai la ng'ombe hubadilika hali kati ya nyuzi 20 na 13 hivi, mafuta yake yakishikana kama samli asubuhi ya baridi, na ukipita hapo taratibu unapasuka. Yai lililokomaa limepanga kromosomu zake kwenye nyuzi nyembamba za protini zinazongoja mbegu iingie. Nyuzi hizo huvunjika linapopoa, na likipashwa moto zinaweza kujipanga upya kombo. Chini ya utando kuna vijifuko ambavyo kazi yake ni kulifunga yai baada ya mbegu ya kwanza kupenya, zisiingie nyingine. Ubaridi na dawa huvifyatua mapema, gamba linakuwa gumu, na mbegu zinapoletwa zinakuta mlango umefungwa. Mtu akitazama kwenye darubini anaona yai zuri la mviringo lisilo na doa, anaandika kwenye daftari kwamba limepona. Halijapona.

Njia inayotumika leo ni kuliwahisha yai lisipate nafasi ya kutengeneza fuwele, ligande kama kioo. Mayai yaliyokomazwa kwa muda wa saa 22 hadi 24 kwenye nyuzi 38.5 huvuliwa sehemu kubwa ya seli zinazoyazunguka, kisha hutiwa kwenye mchanganyiko wa ethilini glaikoli asilimia 7.5 na dimethili salfoksaidi asilimia 7.5 kwa dakika 10 hadi 15. Yai husinyaa, kisha hujaa tena polepole. Kujaa huko ndiyo dalili kwamba dawa imeingia. Halafu huhamishiwa kwenye mchanganyiko wenye nguvu maradufu, asilimia 15 ya kila dawa pamoja na sukari ya sukrosi ya nusu moli kwa lita, na hapo saa inaanza kukimbia. Una sekunde 60, tena ndani yake unatakiwa kulinyonya yai kwa pipeti nyembamba, kulilaza kwenye ukanda wa plastiki wenye upana wa milimita 0.4, kufyonza maji yote ya ziada mpaka libaki kwenye tone lisilozidi sehemu moja ya kumi ya mikrolita, na kulizamisha kwenye naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ukichelewa hadi dakika mbili, sumu ya dawa inaliua. Tone likibaki kubwa, kasi ya kupoa inashuka na fuwele zinarudi. Mwanafunzi mwenye mkono unaotetemeka hufanya makosa yote mawili katika yai moja.

Kuliamsha ni kazi ngumu kuliko kuligandisha, na hapa ndipo mafunzo mengi hupita haraka mno. Ukanda unatakiwa kutoka kwenye naitrojeni na kuingia kwenye sukrosi ya moli moja yenye nyuzi 37 ndani ya takriban sekunde moja. Kasi ya kupasha moto ina uzito kuliko kasi ya kupoza, kwa sababu kioo kinachopashwa polepole hugeuka barafu njiani kabla hakijawa maji. Baada ya dakika moja yai huhamishiwa kwenye sukrosi ya nusu moli kwa dakika tatu, kisha huoshwa. Ukiiruka hatua hiyo, maji huingia kwa pupa likavimba na kupasuka. Halafu lirudishwe kwenye joto kwa muda wa saa moja hadi tatu ili nyuzi za kromosomu zijipange, lakini lisikae sana, maana yai lililokomaa huzeeka kwa saa, si kwa siku. Zipo maabara zinazokwepa suala la nyuzi za kromosomu kwa kugandisha yai changa, kromosomu zikiwa bado zimefunikwa ndani ya kiini. Wanachokipata upande huo wanakipoteza upande mwingine, kwa kuwa yai changa hulishwa na seli zilizolizunguka kupitia vijiunganishi vyembamba, na ugandishaji huvikata.

Tuweke hesabu mezani, kwa viwango vya kawaida vya maabara zenye uzoefu. Chukua mayai 100 yaliyokomaa. Ukiyarutubisha yangali mabichi na kuyakuza siku saba, utapata viinitete kama 30 vinavyofaa. Vigandishe, uvipandikize wakati wowote mwaka huu au mwaka 2040, na mitamba ikiwa imeandaliwa vizuri utapata mimba 10 au zaidi. Sasa chukua mayai 100 mengine uyagandishe kwanza. Ukiyaamsha, 80 au 90 yataonekana hai, nambari ambayo hupendwa sana kwenye ripoti. Yakirutubishwa, viinitete vitakuwa 10 hivi, katika maabara nyingi pungufu ya hapo, na mimba tatu au nne. Kugandisha mayai badala ya viinitete kunagharimu theluthi mbili ya ndama, na hasara hiyo unailipa kwa mnyama adimu, yule ambaye hukuwa na mayai yake ya kupoteza.

Wanaotetea mayai si wajinga, na wana hoja mbili nzito. Kwanza, kiinitete ni ndoa iliyokwisha kufungwa: ukishakitengeneza umechagua dume milele, ilhali yai linabaki huru kukutanishwa na dume atakayeonekana bora miaka 20 ijayo. Pili, mbegu peke yake haitoshi kurudisha koo iliyopotea. Ukiwa na mirija ya mbegu za Ankole tu na majike wa koo nyingine, kizazi cha kwanza kina nusu ya damu, cha pili robo tatu, na unahitaji vizazi vitano kufika karibu asilimia 97. Kwa ng'ombe wa malisho ya asili, anayezaa mara ya kwanza akiwa na miaka mitatu au minne, hiyo ni miaka 15 hadi 20, na hata hapo mitokondria, zinazorithiwa kwa mama pekee, zitabaki za koo ngeni. Kwa hiyo lazima benki iwe na kitu cha upande wa jike. Hilo nalikubali lote. Lakini kiinitete kinabeba upande wa jike kikamilifu, na kufungwa kwa dume kunapunguzwa kwa kugawa mayai ya kila jike kwa madume watatu au wanne wasio ndugu. Unapoteza uhuru fulani wa kuchagua na unapata ndama mara tatu zaidi. Kwa benki inayoogopa kutoweka kwa koo, biashara hiyo ni halali.

Hoja mbili nyingine ni dhaifu, ingawa ndizo zinazosikika zaidi. Moja husema hospitali za uzazi zinagandisha mayai ya wanawake kila siku, kwa nini ng'ombe ashindikane? Yai la mwanamke ni angavu, halina mafuta mengi. La ng'ombe ni jeusi kwa vitone vya mafuta, na la nguruwe ni baya zaidi. Yai la mwanamke hukomaa mwilini baada ya sindano za homoni, la ng'ombe mara nyingi hukomazwa kwenye sahani. Gamba likiwa gumu, hospitali hulidunga yai la mwanamke mbegu moja kwa sindano na mambo yanaendelea; kwa ng'ombe mbinu hiyo haina mafanikio mazuri, yai hukaa tu bila kuamka mpaka lishtuliwe kwa kemikali. Farasi anafaa zaidi kwa kulinganisha, maana yai lake hudungwa mbegu bila shida na wamiliki wa farasi wa michezo huko Ulaya na Marekani hawana uhaba wa fedha. Hata hivyo desturi yao ni kulisafirisha yai usiku kucha kwenye kisanduku cha nyuzi 20 hivi, lifike maabara asubuhi likiwa halijagandishwa.

Nyingine, ambayo kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote, ni ile ya "tukusanye sasa, sayansi ya kesho itajua namna ya kuyaamsha." Ina mvuto wa busara, na ingekuwa kweli kama yai lingekuwa linaumia wakati wa kutoka tu. Kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri hakuna kinachotokea, si uharibifu wala uponyaji. Madhara karibu yote hutokea dakika ya kuingia na dakika ya kutoka. Sayansi ya kesho inaweza kurekebisha kutoka. Utando uliopasuka siku ya kuingia mwaka 2025 utatoka umepasuka mwaka 2060. Kuweka akiba mayai yaliyogandishwa vibaya ni kuhifadhi maiti kwa gharama ya naitrojeni, na gharama hiyo hailali.

Naitrojeni yenyewe inastahili maneno zaidi kuliko inayopewa kwenye maandiko ya miradi. Vituo vya mbegu za uhimilishaji vya Usa River, Tanzania, na Kabete, Kenya, vinaijua kazi hii kwa mbegu, na kanuni zake zimejengwa juu ya mrija wa mbegu: usiinue kikombe kupita mstari wa barafu shingoni mwa mtungi, usikae zaidi ya sekunde kumi, pima kina kwa rula ya mbao kila wiki. Mrija una robo mililita ya maji na plastiki nene. Unavumilia uzembe kidogo. Tone la yai kwenye ukanda wazi ni dogo mara elfu kadhaa. Likitolewa hewani linaanza kuharibika ndani ya sekunde moja au mbili, pengine kwa mtu kuinua kikombe ili asome lebo ya yai la jirani. Tena ukanda wazi hugusana moja kwa moja na naitrojeni, kwa hiyo vijidudu vya sampuli moja vinaweza kuihamia nyingine, jambo ambalo mrija uliofungwa unalizuia. Mtungi unaoshika mbegu za uhimilishaji za kila siku, unaofunguliwa mara ishirini kabla ya saa nne asubuhi, haufai kuwekwa mayai hata kwa wiki moja.

Nini kifanyike badala yake, kimeshafanyika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Australia ilitaka damu ya Boran na Tuli lakini ikaogopa magonjwa ya Afrika. Haikuchukua mayai wala ng'ombe hai. Ilichukua viinitete, vya Boran kutoka Zambia na vya Tuli kutoka Zimbabwe, ikavipitisha karantini ya visiwa vya Cocos, na koo mbili zikahamia bara jingine zikiwa kamili. Kiinitete cha siku ya saba kina seli zaidi ya mia moja ndogo ndogo. Zikifa ishirini, zilizobaki zinaendelea. Kinagandishwa taratibu kwenye ethilini glaikoli ya moli 1.5, nusu ya nyuzi kwa dakika hadi nyuzi 35 chini ya sifuri kabla ya kuzamishwa, na siku ya kukitumia mtaalamu mmoja hukiyeyusha kwenye maji ya vuguvugu na kukiingiza kwenye mji wa mimba kwa bomba linalofanana na la uhimilishaji. Hahitaji maabara shambani. Yai lililogandishwa linataka maabara nzima mara mbili, kulilaza na kuliamsha, pamoja na wiki nyingine ya kulilea.

Kanda yetu pia ina bahati ambayo haijatumika. Ng'ombe wa jamii ya zebu, wale wenye nundu, hutoa mayai mengi kwa mkupuo kuliko Holstein. Ndiyo sababu mojawapo Brazili, yenye mamilioni ya Nelore, ilikuwa kinara wa viinitete vya maabara. Boran na Sahiwal wako upande huo huo wa ukoo. Jike wa thamani anaweza kunyonywa mayai kwa altrasaundi kila baada ya wiki mbili bila kuchinjwa na bila homoni nyingi, viinitete vikatengenezwa vikiwa vibichi. Kinachokwamisha mara nyingi ni mitamba ya kupokea: iliyokonda, isiyopata joto la kupandwa kwa wakati, au iliyopishana na umri wa kiinitete kwa siku mbili, na hapo mimba haishiki hata kiinitete kikiwa cha dhahabu. Fedha za pumba na madini kwa mitamba hiyo zingeleta ndama wengi kuliko fedha za kanda za plastiki.

Nafasi halali ya yai inabaki pale ambapo hakuna muda. Jike wa mwisho wa koo fulani amevunjika mguu, anachinjwa leo, na dume anayefaa hajapatikana au maabara ya urutubishaji iko nchi nyingine. Hapo ovari zitolewe ndani ya dakika chache, ziwekwe kwenye chupa ya chai yenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9, antibiotiki na joto la nyuzi 30 hadi 35, zifike maabara ndani ya muda wa saa sita tangu kutolewa. Folikali za milimita 2 hadi 8 zinyonywe, yachaguliwe mayai yenye matabaka matatu au zaidi ya seli, na ikibidi yagandishwe. Sambamba na hayo vipande vyembamba vya ovari vya milimita moja vihifadhiwe, kwa kuwa tangu 1994 imeonyeshwa kwa kondoo kwamba kipande kilichogandishwa na kurudishwa mwilini mwa mwenyewe kinaweza kuleta mwanakondoo. Ngozi ya sikio, ambayo seli zake zina vinasaba vyote vya mnyama, nayo ichukuliwe; ndiyo rahisi kuliko vyote.

Mikono ya kufanya kazi hiyo siku hiyo haiwezi kuwa inajifunza siku hiyo. Kwenye machinjio ya Vingunguti, Dar es Salaam, na Dagoretti, Nairobi, huchinjwa ng'ombe kila siku na ovari zao hutupwa. Fundi afanye mazoezi na hizo, kila wiki, akigawa mayai mafungu mawili, moja bichi na jingine la kugandisha. Fungu bichi likishindwa kumpa viinitete 30 kwa mayai 100, shida iko kwenye inkubeta, maji au mbegu, na asiguse naitrojeni kwanza. Likifika hapo, na lile lililogandishwa likatoa 10 kwa miezi mitatu mfululizo, apewe mnyama adimu.